Mpango wa Nyumba: Vitu Gani Vibaki, Vitu Gani Vitoke

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo hatutasema juu ya kofia na buti za kazini. Tutasema juu ya vitu vinavyolala pamoja nanyi usiku.

Katika nyumba nyingi za Butembo unapita kwanza katikati ya kartoni. Butembo ni mji wa biashara, na bibi ya mfanyakazi anaongeza mshahara kwa kuuza sabuni, unga au vitenge. Hiyo ni akili, hatuilaumu. Lakini duka lililoanza kwenye pembe ya salo linafika dirishani, kisha mlangoni, kisha chini ya kitanda. Huko Beni ni magunia ya kakao na vifurushi vya jamaa. Tangu mauaji yalipoanza kandokando ya Beni mwezi wa kumi 2014, nyumba nyingi zimepokea jamaa waliokimbia, na Kanyabayonga ilipochukuliwa mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, watu wengi walipanda mpaka Lubero na Butembo. Mgeni hafukuzwi. Basi kitu kisicho na kazi kimwachie mtu nafasi.

Angalia namna shida inavyokwenda. Jiko limejaa magunia, kwa hiyo mama anapika mlangoni. Jioni baridi inashuka, maana Butembo iko juu, zaidi ya metre 1,600, na babula inaingizwa ndani na makala yake mekundu. Dirisha limezibwa na kartoni. Kwa kuwa makala hayatoi moshi mwingi, watu wanafikiri hayana ubaya. Lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, watu wanalala, na wengine hawaamki. Babula haina ruhusa ya kuingia chumba cha kulala, hata kwa dakika kumi. Kwa hiyo tunaanza kazi yetu jikoni na dirishani, si kwenye kabati ya sahani nzuri.

Chandarua nacho kinataka nafasi. Beni iko chini zaidi, kuna joto, na mbu ni wengi. Ukipanga masanduku kando ya kitanda, huwezi kukunja chandarua chini ya godoro. Kinaning'inia juu ya mzigo, na mbu anaingia kwa mlango uliomfungulia. Sukuma kitanda, toa masanduku, kunja chandarua pande zote nne.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuletea watoto kituoni wakikohoa na macho mekundu. Petroli ya taa iko ndani ya chupa ya Fanta. Dawa ya panya iko ndani ya karatasi, karibu na chumvi. Soda kali ya kutengeneza sabuni iko ndani ya kopo la maziwa. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anajua tu kwamba chupa ya Fanta ina kitu kitamu. Vitu hivi vibaki katika vyombo vyake, vifungwe, vikae juu mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti.

Na ikiwa mtoto amekwisha kunywa petroli, usimtapishe. Usimpe mafuta ya ngazi wala maziwa, hata kama nyanya anasema ndiyo dawa ya zamani. Mtoto akitapika, petroli inaingia ndani ya mapafu, na hapo ndipo inapoua. Soda kali vilevile: ilichoma ikishuka, itachoma tena ikipanda. Mkimbize kituo cha afya maramoja, na ubebe ile chupa ili muganga aione.

Wengi mngali na ndoo za robine tulizonawia mikono wakati wa Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Zitunze, ni vyombo vizuri. Lakini unga wa klori uliobaki ndani ya chupa bila jina, mpe muuguzi. Usiuchanganye na dawa nyingine ya kusafisha choo. Hewa yake inaweza kukata pumzi.

Kwa siku ya kazi, chagua asubuhi ya jua, maana mvua yetu ya mchana haingoji. Toeni vyote nje kwenye parsela, chumba kimoja kwa siku, la sivyo usiku utawakuta bila kitanda. Magodoro yapate jua. Maharagi na unga viingie ndani ya ndoo au bidoni zenye kifuniko, juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili panya asipate kiota nyuma yake. Panya analeta viroboto, na kwa jirani zetu wa Ituri ugonjwa wa tauni haujaisha. Ukikuta panya wamekufa ovyo, usiwashike kwa mkono. Ita watu wa afya. Matairi na makopo yanayoshika maji ya mvua yatoke kabisa. Kitu ambacho hakuna mtu amekigusa tangu mwaka jana, kiuzeni au kipeni mwenye haja. Baba asiseme tu "tutakitumia siku moja". Aseme siku gani.

Kisha wewe baba, fungua mfuko wako. Nguo za kazi zina vumbi la jiwe, na vumbi hilo linaingia mapafuni ya mke na watoto. Ziache kazini, au zikae nje na zifuliwe peke yake. Kama kijana wa nyumba anasafisha dhahabu kwa zebaki, asiichome jikoni wala asiiweke chumbani, kwa maana inatoa hewa ya sumu hata bila moto. Ikimwagika, usipige ufagio, utaitawanya. Fungueni madirisha, watoto watoke.

Na ukikuta kapsuli ya baruti chini ya kitanda au kwenye sanduku la misumari, usiisogeze, usiikate, usiitupe chooni. Toa watu nyumbani, weka mtu mkubwa alinde mlango, na umwite mkubwa wa usalama, hata kama ni Jumapili.