Miche ya Michungwa Pasipo Bomba

Swali: Shambani kwangu, nje ya Muheza, hakuna bomba wala umeme, na miche ya michungwa hunifia kila kiangazi. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, kabla hujaulaumu udongo, tazama paa lako, kwani kila milimita 1 ya mvua iangukayo juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1 ya maji, ambayo wengi wetu, kwa israfu, huyaacha yapotelee uani. Yahifadhi, kisha zika kando ya kila mche mtungi wa udongo usiopakwa rangi, shingo tu ionekane, uujaze na kuufunika kwa kifuu, nao utavuja taratibu hadi mizizini. Tandaza majani makavu, ila yasiguse shina, yasije yakaozesha gome. Katikati ya miche panda kunde. Muhogo, hasha, ni mlafi.