Chakula cha Porini Karibu na Juba

Watu wengi wa mjini wakisikia neno "porini" hufikiri habari za nyoka na njaa tu. Mimi nataka kuwaeleza wasomaji habari za chakula kilichoko huko, maana Jumamosi moja ya mwezi wa Mei nilikwenda na wanafunzi 14 mpaka Jebel Kujur, mlima ulio magharibi ya mji wa Juba.

Yafaa kwanza tujue nchi ilivyo. Msitu wa hapa si mnene kama ule wa Kongo. Ni nchi ya nyasi ndefu, miti iliyoachana na majabali. Tena haifai kutembea ovyo. Katika vita vya 1983 mpaka 2005 Juba ilikuwa ngome ya jeshi la serikali, na mabomu yalitegwa ardhini kuuzunguka mji. Mengi yameondolewa, lakini kiongozi wetu, bibi mmoja Mbari, hakuturuhusu kuacha njia hata hatua tatu. Basi tulifuatana kama siafu.

Mti wa kwanza aliotuonyesha ni lulu. Jina hili lisikudanganye: lulu ya pwani hutoka katika chaza, bali lulu ya Juba ni mti wenye matunda. Huiva wakati wa mvua. Nyama yake ni tamu, nasi tulikula hata midomo ikanata. Lakini mali yenyewe imo katika kokwa. Huanikwa, huvunjwa, kiini hukaangwa na kusagwa, kisha huchemshwa mpaka mafuta yaelee, yaenguliwe. Mafuta ya mti huu huko Afrika ya Magharibi huganda kama siagi. Ya huku na ya kaskazini ya Uganda ni laini zaidi. Hupikiwa, na hupakwa mwilini.

Mti huu hukua polepole mno. Huweza kupita miaka 15 kabla ya kuzaa. Kuukata ni kazi ya asubuhi moja. Nyumba nyingi za Juba hupikia makaa, na mchoma makaa hachagui mti.

Wa pili ni mjunju, ambao tunda lake huitwa lalop. Msimu wake ulikuwa umepita, lakini bibi alikuwa na matunda makavu mkobani, akatugawia tumumunye. Utamu huja kwanza, uchungu hufuata. Majani yake ni mboga ya wakati wa njaa, ghala zinapokuwa tupu, na wakati wa vita wengi waliokimbilia porini waliponea majani na matunda hayo.

Hapa ndipo penye somo. Kiini cha kokwa ya lalop ni kichungu, nacho huchemshwa na kubadilishwa maji mara kadhaa kabla ya kuliwa. Tena tunda hilohilo likipondwa na kutiwa majini huua samaki, na huua konokono wanaoeneza kichocho. Chakula cha namna hii hakiliwi kwa kubahatisha.

Nikamwuliza, "Bibi, ulijifunza wapi haya?"

Akacheka. "Kwa mama yangu, tulipokwenda kutafuta kuni. Wewe ulidhani wapi?"

Niliwatazama wanafunzi wangu. 9 kati yao walizaliwa ukimbizini, Uganda na Kenya, na huko ndiko walikopata Kiswahili chao kizuri. Mama zao walipokea chakula kwa kadi, na kuni walizitafuta katika nchi ya watu wengine yenye miti mingine. Hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kutaja miti mitano kwa Kibari. Lalop waliijua, lakini kwa fungu la sokoni.

Adhuhuri tulikula kumbikumbi waliokaangwa, na ugali wa mtama. Mvulana mmoja alikataa kabisa, kisha akaomba mara ya pili. Baada ya chakula kila mmoja aliandika daftarini majina ya miti tuliyoiona, 11 kwa jumla. Bibi hajui kusoma. Akataka tumsomee yote kwa sauti, naye akatusahihisha matamshi ya manne.