Kabla Hujanunua Lenzi Ndefu ya Mtumba
Kwa mpiga picha wa Chumbi anayefuata viboko na ndege wa delta ya Rufiji, unyevu na chumvi ndivyo huua lenzi. Kagua mchana, na kamera yako mkononi.

1. Mulika tochi ya simu kwa nyuma, chungulia mbele: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Iache hata ikiuzwa bei ya kutupa, maana kuvu hula utando wa kinga wa kioo, na kusafisha hakurudishi kilicholiwa.
2. Vumbi kidogo ndani lisikutishe.
3. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, kuna mchanga.
4. Ielekeze chini: zumu ikishuka yenyewe imelegea, omba upunguziwe bei.
5. Kagua skrubu na pini za nyuma. Kutu ni dalili ya unyevu au chumvi.
6. Piga picha ya bango la mbali zumu ikiwa mwisho na tundu la lenzi wazi kabisa, kisha kuza picha ulinganishe pembe zote nne. Wengi hujaribu kwa karibu tu, wakaumia baadaye.
7. Hakikisha inakaa kwenye kamera yako. Ya Canon haiingii moja kwa moja kwenye Nikon.
8. Dai risiti, linganisha namba iliyoandikwa humo na iliyo kwenye lenzi.