Istilahi na Usalama: Uteuzi wa Fyuzi za Transfoma za Usambazaji

Utangulizi

Mitaani Eldoret, stima zinapopotea husemwa kuwa "transfoma imeungua," hata pale ambapo kilichoyeyuka ni fyuzi tu. Kauli hii inachanganya mambo mawili. Fyuzi ni uzi wa bei nafuu uliokusudiwa kuyeyuka; transfoma ni mali ghali inayolindwa na uzi huo. Makala hii inaeleza jinsi fyuzi inavyoteuliwa na kwa nini istilahi zake zinapaswa kutenganishwa.

Uteuzi wa kipimo

Tuchukue transfoma ya fezi tatu ya kVA 200, inayopokea volti 11,000 na kutoa volti 415. Mkondo wa mzigo kamili upande wa juu hupatikana kwa kugawa 200 kwa zao la 1.732 na 11, yaani takribani ampea 10.5.

Je, fyuzi nayo iwe ya ampea 10.5? La. Transfoma inapowashwa huvuta mkondo wa ghafla unaoweza kufikia mara 10 hadi 12 ya mzigo kamili kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Fyuzi ndogo mno ingeyeyuka umeme unaporejea, ilhali hakuna hitilafu. Kwa hiyo huanziwa takribani mara mbili ya mzigo, hapa ampea 20, kisha chaguo hilo hulinganishwa na majedwali ya watengenezaji.

Upo pia ukomo wa juu. Fyuzi sharti iyeyuke kabla joto la hitilafu halijaharibu koili. Aidha, shoti ikitokea kwenye nyaya za wateja, fyuzi ya upande wa volti 415 ndiyo itangulie, ili ile ya juu isalie nzima.

Pendekezo la istilahi

Kutokana na hayo, tutumie vitenzi vitatu: fyuzi huyeyuka, umeme hukatika, transfoma huungua. Anayeitikia "imeungua" kwa kuweka waya mnene mahali pa fyuzi hajaimarisha chochote. Ameondoa ulinzi, na safari ijayo transfoma yenyewe ndiyo itakayoungua.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Urasmi huo utatimia fundi na mteja watakapoweza kuelewana kwa Kiswahili kuhusu kilichoharibika. Wanaisimu na wahandisi hawana budi kushirikiana.