Mume ana hepatiti B, mimi nichanjwe?

*Dokta, mume wangu alipotoa damu walimkuta na hepatiti B. Nina mimba. Tutenge sahani? — Mama, Tenke*

Mama, kuleni pamoja. Virusi hivi havipiti kwenye chakula. Hupita kwa damu, wembe, tendo la ndoa, na mama kumwambukiza mtoto anapozaliwa. Hilo la mtoto ndilo linanihangaisha, kwani akiambukizwa mchanga virusi hukaa kwenye ini kwa miaka mingi.

Pima wiki hii. Ukikutwa huna virusi, chanjwa: siku hiyohiyo, baada ya mwezi 1, kisha miezi 6 tangu ya kwanza. Chanjo haidhuru mimba. Kwa sasa, tumieni kondomu. Ukikutwa navyo, mwone daktari mapema. Vyovyote iwavyo, ulizia mjini Kolwezi chanjo ya mtoto ya ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Pentavalenti, chanjo ya watoto yenye kinga ya hepatiti B, ya wiki 6 imechelewa. Macho yakiwa manjano, nenda hospitali siku hiyohiyo.