Lantana: Maua Mazuri, Maficho ya Mbung'o

Asafiriye kutoka Kisumu kwenda Bondo au Siaya huikuta lantana kando ya barabara. Ni kichaka chenye vimiiba, majani yanayonuka yakisuguliwa, na vishada vya maua ya waridi, manjano na rangi ya machungwa. Wajaluo hukiita nyabend winy. Winy ni ndege, na ndege ndio wanaokula matunda yake na kusambaza mbegu.

Asili yake ni Amerika ya kitropiki. Hupenda kingo za misitu, mashamba yaliyoachwa na kando ya mito. Watu walikipanda kuwa ua wa boma kwa kuwa ng'ombe hawakipendi, na penye unyevu hubaki na majani mwaka mzima. Sifa hiyo ya pili ndiyo somo letu la leo.

Mbung'o wa ufuoni hastahimili jua kali. Jike hatagi mayai, bali huzaa buu mmoja mmoja, naye hujichimbia katika udongo laini chini ya kivuli. Kwa kawaida kivuli hicho kiko kando ya ziwa na mito. Lakini ugonjwa wa malale ulipozuka Alego mwaka wa 1964, mbung'o walipatikana katika vichaka na nyua za lantana, karibu kabisa na nyumba. Mwaka wa 1966 watafiti walieleza kwamba ng'ombe wa huko walikuwa na vimelea vinavyoleta malale kwa binadamu. Nzi, ng'ombe na mtu walikuwa wamekutana bomani.

Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma. Hata hivyo, mbung'o hawajaisha.

Kwa hiyo, si lazima kung'oa ua wako. Upogoe, ukate matawi ya chini ili jua lifike ardhini. Ng'ombe anayekonda bila sababu aonwe na daktari wa mifugo. Kumbuka pia kwamba mbung'o huuma mchana, hivyo chandarua pekee hakitakukinga.

Ukipata homa, maumivu ya kichwa na viungo, na kipimo kionyeshe huna malaria, usinunue dawa dukani. Nenda hospitalini, umweleze daktari ulikotembea na kama uliumwa na nzi. Malale ya aina hii huua kwa miezi michache yasipotibiwa; yakigunduliwa mapema, hupona.