Mafunzo Niliyopata Nikichambua Siasa za Kenya Runingani

Nilianza kwa kuripoti vikao vya bunge Nairobi, kisha nikahamia runingani kuchambua siasa. Wanafunzi wa uanahabari huniuliza mchambuzi hujengwa na nini. Huwajibu kwamba hujengwa na karatasi alizozisoma kabla taa za studio hazijawashwa. Sauti nzuri na ujasiri wa kubishana huja baadaye, na vingine hata havihitajiki.

1. Msikilize msemaji, lakini usome fomu

Agosti 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka kwenye tovuti yake fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu azione. Fomu hiyo ina jina la kituo, idadi ya waliojiandikisha, kura halali, kura zilizokataliwa, alichopata kila mgombea, kisha saini ya msimamizi na za mawakala. Vyombo vya habari vikaanza kujumlisha vyenyewe. Ukibadilisha stesheni, uliyemwacha akiongoza huku ungemkuta nyuma kule, na watu wakawa wanaulizana nani anawadanganya. Jibu lilikuwa jepesi: kila chumba cha habari kilikuwa kimeanza na fomu za vituo tofauti. Sentensi hiyo moja ilihitajika hewani kuliko utabiri wote wa juma lile.

Tarehe 15 mwenyekiti wa tume, hayati Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto mshindi kwa asilimia 50.49, hayati Raila Odinga akiwa na 48.85. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo. Siku ya pili walidai kwamba asilimia za wagombea wote zinafika 100.01, na kwamba ile 0.01 ni sawa na kura kama 142,000. Basi shika simu upige hesabu. Kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, asilimia 0.01 yake ni kura 1,420 hivi. Tena ziada yenyewe ilitokea kwa sababu kila asilimia ilikuwa imekadiriwa hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Malalamiko yao kuhusu jinsi tume ilivyoendeshwa yalistahili kusikilizwa, na yalifika Mahakama ya Juu, ambayo iliidhinisha ushindi wa Ruto tarehe 5 Septemba. Lakini nambari ile haikustahili kupita studio yoyote bila kuulizwa. Mchambuzi anayeogopa hesabu ni hatari kwa nchi inayopiga kura kwa hasira.

2. Usiitabirie mahakama

Uchaguzi wa Agosti 2017 ulipokwisha, waangalizi wa kimataifa waliusifu. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Tangu hapo, nikiulizwa hewani kesi itakwendaje, naeleza mahakama inatakiwa kuamua nini na kwa kipimo gani. Huishia hapo.

3. Mtazamaji anataka kujua bei ya mkate

Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ukiwa bungeni, mijadala mingi ya runinga ilihusu nani amekosana na nani serikalini. Mama mmoja ninayenunua mboga kwake aliniambia, “Kijana wangu, jana mmebishana saa nzima. Mkate unapanda ama haupandi?” Nilimjibu kwamba mswada unapendekeza mkate utozwe VAT ya asilimia 16. Akaniuliza mbona hilo halikusemwa.

Vijana hawakutungoja. Waliupakua mswada, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za nyumbani kwenye TikTok na X. Pendekezo la mkate liliondolewa mwezi wa Juni. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada. Nasema kwa uchungu: vijana walifanya kazi ambayo ilikuwa yetu, na wengine walilipa kwa maisha yao.

4. “Nauli” ya mwanasiasa ni deni

Baada ya mkutano na wanahabari, bahasha ya pesa iitwayo “nauli” hupita. Usiipokee. Aliyekupa nauli leo atakupigia kesho akitaka jina lake litajwe.

5. Ijue sheria inayokulinda

Tarehe 30 Januari 2018, Raila, akipinga ushindi wa Uhuru, alipoapishwa Uhuru Park kama “rais wa wananchi”, serikali ilizima matangazo ya stesheni kubwa za runinga. Mahakama iliagiza zirejeshwe, lakini agizo halikutekelezwa mara moja. Mwanahabari asiyejua ibara ya 34 ya Katiba, inayolinda uhuru wa vyombo vya habari, siku kama hiyo hana la kusema. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 kuhusu haki hiyo inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Andika ombi, weka nakala, hesabu siku. Wengi wetu bado tunamtegemea afisa wa kunong’ona.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Wewe unayetutazama, tukikutajia nambari tuulize imetoka fomu gani; tukikutajia sheria tuulize kifungu gani. Tukishindwa kujibu, badilisha stesheni.